Rejeta inavuja: kuziba au kununua nyingine? Yaliyonikuta mlima Kitonga

#1 – Mleta uzi

Wakuu habari za jioni,

Swali la rejeta, kile kipozeo cha maji ya injini, linajirudia sana humu. Mtu anauliza "rejeta yangu inavuja, nizibe au ninunue nyingine", majibu yanamiminika, kila mtu na lake, na karibu wote hawamuulizi rejeta yenyewe imetengenezwa kwa kitu gani na inavujia wapi. Mimi swali hilo hilo nililiuliza kijiweni mwaka juzi nikajibiwa "ziba tu, hela ya rejeta mpya kaongezee tofali". Nikaziba. Leo nawaeleza ilivyoishia maana sitaki mtu mwingine apite nilipopita mimi, tena akiwa na mzazi wake ndani ya gari.

Gari ni Toyota IST, ile ya kwanza, injini ya 1NZ. Nilianza kuona maji kwenye lile kopo la akiba yanashuka, leo yako kwenye mstari wa juu, baada ya wiki yako chini, naongeza, yanashuka tena. Chini ya gari sioni tone. Kumbe yanavuja gari ikiwa ya moto tu, yakidondokea kwenye chuma yanakauka hapo hapo, kinachobaki ni alama nyeupe kama chumvi ya jasho kwenye shati. Nikampelekea fundi, akafungua boneti, akaniwekea kidole juu ya rejeta, pale mpira wa juu unapoingilia. Lile tangi la plastiki lilikuwa limeshaacha kuwa jeusi, limekuwa la kahawia kama tangawizi, na ufa mwembamba kama unywele umetambaa kutoka shingoni.

Akapiga msasa, akachanganya gundi ya tyubu mbili, akapaka kama anasiliba ukuta. Elfu 15. Ikakaa miezi miwili. Ikaachia, tukarudia. Mara ya tatu akatumia chuma cha moto, akayeyusha ile plastiki na wavu wa waya ndani yake, akaniambia "hii sasa mpaka unauza gari". Nikaamini, na kweli kwa Dar ilikaa, maana Dar safari ni kazini na nyumbani.

Desemba nikampeleka mama Makambako. Tumetoka Dar alfajiri, Morogoro safi, Mikumi safi, tukafika Ruaha Mbuyuni mchana jua linawaka, wanaopajua wanajua joto la lile bonde. Mama akanunua vitunguu, nikafungua boneti nikaangalia, maji yapo. Tukaanza kupanda Kitonga. Mbele kuna malori manne yamefuatana yanakwenda mwendo wa mtu anayetembea, kuovateki hakuna, AC nimewasha maana mama alishalalamika joto, mimi niko gia ya chini injini inaunguruma. Hapo rejeta inabeba mzigo ambao Dar haijawahi kubebeshwa, upepo wa mbio hakuna, ni feni tu.

IST yangu haina mshale wa joto. Ina taa ya bluu injini ikiwa baridi na nyekundu ikizidi moto, katikati hapo hakuna kitu. Sasa sikilizeni hapa. Taa nyekundu haikuwaka kwa wakati. Ile sensa inapima maji, na maji yakishamwagika yote inabaki imekaa kwenye hewa na mvuke, kwahiyo inakudanganya. Nilichosikia kwanza ni gari kukosa nguvu, alafu harufu tamu kama ya pipi iliyoungua, alafu moshi mweupe ukatoka kwenye grili, ndipo taa ikawaka. Mama akasema "baba, gari inaungua hii" akaanza kutafuta kitasa cha mlango na gari bado inatembea, kwenye ile kona yenye ukuta kushoto na korongo kulia.

Nikapata pa kusogea. Dereva mmoja wa lori alikuwa amesimama mbele kidogo anapoza breki, akaja na dumu la maji. Nilitaka kufungua mfuniko wa rejeta muda ule ule, akanishika mkono. Akaniambia kaa, mama akae kivulini, hii usiiguse mpaka uweze kuweka kiganja juu ya mpira na kukiacha hapo. Namshukuru mpaka leo. Maji yale yalikuwa yanasubiri uso wangu.

Tukavutwa mpaka Iringa. Silinda hedi, yaani kichwa cha injini, imepinda, na gasketi inayoziba chini yake imeungua. Kuchonga hedi, gasketi, bolti mpya, oili, kuvutwa, ufundi, kulala wageni siku tatu na mama, jumla ilikaribia laki 9. Rejeta mpya ya gari hiyo siku zile nilikuwa nimetajiwa laki na 70.

Kwahiyo ninachowaambia ni hiki: msianze na kuziba au kununua, anzeni kujua rejeta yenu imetengenezwa kwa kitu gani na imetoboka wapi.

Zipo za shaba, za zamani na za malori mengi, juu na chini tangi nalo la shaba limelehemiwa kwa risasi. Kwaruza kidogo kwa bisibisi pembeni, ikitoka njano au nyekundu ni shaba, hiyo ni ya kulehemu, fundi mzuri anaimaliza. Na zipo hizi za kwenye gari zetu nyingi ndogo, katikati alumini na matangi ya plastiki yamebanwa kwa vile vimeno vya alumini juu ya mpira mwembamba. Hapa plastiki ikipasuka kwa uzee hakuna gundi. Na sababu sio ubovu wa gundi. Mfuniko wa rejeta umeandikwa 0.9 au 1.1, ndio presha inayoshikiliwa humo ndani, 1.1 ni kama nusu ya upepo wa tairi lako, na maji yenyewe yana joto la nyuzi 90 na zaidi. Gundi umepaka nje, presha inasukuma kutoka ndani, kila siku plastiki inatanuka na kusinyaa, gundi haitanuki nayo sawasawa. Itaachia tu. Na ikiachia haichagui, inaachia pale mzigo ulipo mkubwa, yaani mlimani.

Tena ule ufa mmoja ni taarifa ya tangi zima. IST za kwanza zilitengenezwa kati ya 2002 na 2007, hiyo plastiki imechemshwa kila siku miaka yote hiyo. Ukiziba hapa kesho inapasukia pale.

Karibuni wenye uzoefu, hasa mafundi.

#2

Mkuu pole sana na mama. Mimi nina Premio, inapungua maji kidogo kidogo kama yako ilivyoanza, kama nusu lita kwa wiki. Fundi wangu kasema rejeta imeisha ninunue. Sasa nilikuwa nawaza nitafute ya mtumba Ilala, au nichukue mpya ya Kichina Kariakoo? Na je lazima niamini ni rejeta kweli maana hajaishusha, kaangalia kwa macho tu.

#3

Naomba nichangie kama fundi rejeta, hii ndio kazi inayonilisha na kusomesha wanangu. Mleta uzi umeongea kweli ila usiwafanye watu waone kila anayeziba ni tapeli.

Rejeta ya shaba nikiletewa naishusha, naziba matundu yote kwa mipira, naacha moja la upepo, naizamisha kwenye pipa la maji na kuijaza hewa. Inapovuja inaonekana, vipovu vinapanda kama soda. Naweka alama, naisafisha pale mpaka shaba ing'ae kabisa, maana risasi haikai kwenye uchafu wala kwenye kutu ya kijani, napaka asidi, alafu nalehemu kwa moto wa kiasi. Moto ukizidi unafungua na kiungo cha jirani, ndio maana kijana anayejifunza anaziba tundu moja anatoa mawili. Nikimaliza inarudi kwenye pipa. Kazi ya hivyo inakaa miaka. Tena ya shaba unaweza kuondoa tangi la juu ukapitisha waya kwenye kila mrija ukatoa matope yote, ukalehemu tangi lako. Inarudi inapoza kama mpya. Ukimwambia mwenye Land Cruiser ya zamani atupe rejeta ya shaba anunue ya plastiki unamharibia.

Ila kuna fundi akikuta mrija umetoboka katikati anauminya na kuuziba juu na chini. Mrija mmoja au miwili sawa, haina shida. Mimi nimeletewa rejeta imezibwa mirija kumi na kitu, mwenye gari anashangaa haivuji lakini inachemsha. Hiyo haiwezi kupoza, umeifanya ndogo.

Hizi za alumini na plastiki, kuna kitu kimoja tu nakubali kufanya: kama inavujia pale kwenye vimeno, na plastiki yenyewe bado nyeusi na ngumu, nafungua vimeno, nabadilisha ule mpira wa ndani, nabana tena taratibu kwa koleo. Au napata tangi jipya la plastiki la gari hiyo hiyo nalibadilisha. Vimeno vinakubali kufunguliwa mara moja, ukivirudia vinakatika. Plastiki iliyopasuka mimi sipaki gundi, namwambia mteja ukweli akanunue, hata kama siku hiyo narudi nyumbani mikono mitupu.

Mkuu #2, fundi asiyeishusha wala kuipima presha hajajua bado. Kuna kifaa kinafungwa mahali pa mfuniko, unapampu kama pampu ya baiskeli mpaka ile presha ya kwenye mfuniko, unaangalia kama mshale unashuka na maji yanatokea wapi. Gari ikiwa imezimwa na ya baridi. Mwambie afanye hicho kwanza.

#4 – Mleta uzi

Fundi nakushukuru sana kwa huu mchango, na nilipokosea kwenye maneno nisahihishe. Kweli sikusudii mafundi rejeta. Fundi wa kwangu hakuwa wa rejeta, alikuwa fundi wa kila kitu, na mimi ndiye niliyekuwa natafuta bei ya chini kila nikirudi kwake.

#2 msikilize. Alafu kabla hujatoa hela, kipimo cha mtu masikini ni hiki: usiku lala na gazeti au boksi kubwa chini ya injini, asubuhi uone tone limeangukia wapi, la rangi gani. Kulanti (yale maji maalumu ya rejeta) nyingi ya Toyota ni nyekundu au ya pinki, inaonekana vizuri kwenye karatasi. Ikiangukia mbele kabisa ni rejeta au mipira yake. Ikiangukia upande wa mikanda angalia pampu ya maji, ina katundu kadogo kwa chini ambako maji hutokea sili ikiisha. Watu wamebadilisha rejeta mbili pampu ndio inavuja.

#5

Wadau, mimi niko Nairobi, naendesha Fielder. Nilifanya vile mleta uzi anasema, nikatupa rejeta ya zamani nikanunua mpya ya bei ya chini pale Kirinyaga Road. Haikumaliza mwaka. Ilianza kutoa maji kwa vile vimeno, upande wa chini. Kuiangalia vizuri nikaona ile sehemu ya alumini ni nyembamba kuliko ile iliyotoka na gari, mistari ya mirija ni michache. Yaani nilikuwa nimetoa kitu kizee kizuri nikaweka kipya dhaifu. Kwa hivyo "mpya" peke yake isikutulize.

Sasa hivi nina ya mtumba kutoka Japani, ina mwaka na nusu. Kabla sijainunua niliifanyia hivi: niliangalia rangi ya plastiki, ikiwa imeanza kuwa kahawia hapana. Nikabonyeza vile vipande vyembamba vya katikati kwa kidole, vikisagika kama mchanga hapana. Nikachungulia ndani kwa tochi, nikaona pasafi hapana matope. Nikamwambia anayeuza tuipige hewa ndani ya maji, akakataa, nikaenda duka la pili. Huyo wa pili alikubali, nikalipa.

Na huku kwetu Nairobi ni juu, zaidi ya mita 1,600, maji ya wazi yanachemka kwa nyuzi 94 hivi. Ni presha ya mfuniko inayoyazuia yasichemke. Mfuniko ukichoka, hata rejeta nzuri itamwaga. Mfuniko ni bei ndogo sana, badilisheni.

#6

Mimi ni dereva wa lori, Dar–Tunduma, Kitonga naipanda kila wiki na ninayoyaona pale mleta uzi kasema kidogo tu. Mwezi wa 12 gari ndogo zinajipanga pembeni boneti wazi, watoto wamekaa juu ya mawe.

Nina mawili. La kwanza, ukiona inaanza kupanda moto mlimani, zima AC, fungua vioo, washa hita mpaka mwisho hata kama mtaungua miguu, ile hita ni rejeta ndogo ya pili inatoa moto injini ukaingia ndani. Inakupa dakika za kutafuta pa kusimama salama. Weka pembetatu, weka matawi nyuma mbali kidogo, lori lenye mzigo halisimami ghafla. Kama maji yamemwagika yote hiyo hita haisaidii tena, zima injini hapo hapo.

La pili, jamani msimwage maji ya baridi kwenye injini inayofuka. Nimeona kwa macho yangu kijana anamwagia injini maji ya mtoni kwa ndoo, ikasikika "tii" kama sufuria inawekwa kwenye maji. Chuma cha moto kikipata baridi ghafla kinaweza kupasuka. Subiri nusu saa au zaidi, maji yakiwepo ongeza kidogo kidogo.

Na gari letu rejeta ni ya shaba, imelehemiwa mara tatu tangu nianze kuliendesha, fundi #3 anasema kweli.

#7

Nyie mnamaliza hela bure. Kuna dawa ya kuzibia inauzwa petroli stesheni, unamimina kwenye rejeta unaendesha, inaziba yenyewe. Na ukikosa, wazee walikuwa wanaweka yai au pilipili manga na gari inafika. Mimi nimeitumia mwaka wa 2 huu.

#8 – Mleta uzi

Mkuu #7 sikubishii kuwa inaziba. Inaziba kweli, kijitundu kidogo cha mrija inaweza kukifunga. Shida ni kwamba haijui tundu lipi ni la kuziba na mrija upi ni wa kuacha. Mirija ya rejeta za sasa ni myembamba sana, ya hita ndio kabisa. Yai likiiva linaganda linapoganda. Kama uko porini na familia na giza linaingia, weka pilipili manga, weka chochote cha kukufikisha, hata mimi ningeweka, lakini ukifika ushushe rejeta na kusukutua mfumo wote. Na kwenye ufa wa plastiki kama wangu haifui dafu, ule ufa unafunguka na kujifunga kwa presha.

Na kingine kabla sijasahau, maji tunayoweka. Dar wengi tunajaza ya kisima, na visima vingi vya huku ni vya chumvi. Chumvi inakula alumini kwa ndani, na yakichemka yanaacha ukoko kama ule wa kwenye birika. Rejeta yangu ilipokatwa pale Iringa mirija ya chini ilikuwa imejaa ukoko mweupe unaomeguka kwa kucha. Mwaka mzima nilikuwa naongeza maji ya bombani na kisima kwasababu inavuja, nikisema kulanti nitaweka nikishaziba. Kwahiyo kule kuvuja kwenyewe ndio kulinifanya niimalizie. Kulanti haisaidii kuzuia maji yasigande kwa baridi tu kama wengi wanavyodhani, ina dawa ya kuzuia kutu na inapandisha kiwango cha kuchemka. Ukikosa kulanti siku ya dharura tumia maji ya chupa au ya mvua.

#9

Jamani kaka zangu naomba msaada, mimi nina Vitz, kila nikipaki kazini nakuta maji chini upande wa abiria. Nimeogopa kusoma huu uzi, kesho kutwa naenda Tanga na watoto. Fundi wa jirani kaniambia nimpe laki mbili abadilishe rejeta.

#10 – Mleta uzi

Dada usitoe hela kwanza. Maji hayo ni meupe kabisa hayana harufu wala utelezi? Na yanatokea ukiwa umewasha AC? Kama ndivyo hayo ni maji ya AC, unyevu wa hewa unageuka matone kule ndani na kutolewa kwa kimpira kidogo upande wa abiria. Ni kawaida, na yasipotoka ndio ungekuwa na tatizo maana yangemwagikia ndani. Chovya kidole, sugua. Kulanti inateleza na ina rangi.

Asubuhi gari ikiwa ya baridi kabisa angalia kopo la akiba, chora mstari kwa kalamu maji yalipo, baada ya siku mbili angalia tena. Ila kapeti la miguuni kwa abiria likilowa na kuna harufu tamu, hapo ni rejeta ndogo ya hita, hiyo ni habari nyingine.

#11

Asante sana kaka, ni meupe na jana sikuwasha AC hayakutoka. Mungu akubariki. Nimechora mstari.

#12

Fundi rejeta tena (#3). Dada safari njema, lakini hata hivyo mwambie mtu akuangalizie mipira na mfuniko kabla hujatoka.

Niseme na wanaonunua, maana kuna makosa naletewa kila siku.

Gari nyingi za otomatiki, tangi la chini la rejeta lina kipozeo cha oili ya gia boksi ndani yake, utaona mirija miwili ya chuma inaingia. Ukinunua rejeta ya gari ya manyuo (gia za mkono) haina hiyo, na nimeona mtu kaunganisha ile mirija miwili kwa mpira akasema tayari. Gia boksi ikapata joto ikafa. Na ikitokea kile kipozeo kimetoboka kwa ndani, maji na oili vinachanganyika, ukifungua mfuniko unakuta kitu kama maziwa ya strawberi. Hiyo rejeta haina cha kulehemu, itolewe siku hiyo hiyo na gia boksi ioshwe, usiendeshe hata kwenda gereji.

Ukifunga rejeta mpya tumia mipira mizuri na klampu mpya, mpira uliovimba kama mguu wa mgonjwa usiurudishe. Sukutua injini kwanza ili ule ukoko usihamie kwenye mpya. Alafu toa hewa. Jaza taratibu, washa gari mfuniko ukiwa wazi injini ikiwa ya baridi, acha mpaka thamostati (kile kizibo kinachoruhusu maji kupita injini ikipata moto) ifunguke, kwenye hizi 1NZ ni nyuzi 80 mpaka 84, utaona maji yanashuka ghafla na mpira wa juu unapata moto, ongeza, vipovu viishe, funga. Hewa ikibaki gari inachemsha na rejeta mpya, na lawama anabeba rejeta.

Na msikubali mtu atoe thamostati akatupa. Nasikia "nchi yetu ya joto haina kazi". Ina kazi. Injini ikikaa baridi inakula mafuta na inasagika. Kama imekufa nunua nyingine.

#13

Fundi naomba kuuliza, kuna watu wanatengeneza tangi la alumini wanaondoa la plastiki wanachomelea kwa agoni (ile gesi ya kuchomelea alumini), unaionaje hiyo?

#14

Nimeziona, na akiwa ni mchomeleaji wa kweli ni kazi nzuri, nyingine inazidi ya kiwandani kwa uimara. Ugumu wake, alumini ya rejeta ni nyembamba kama kopo la soda na ina utando juu unaozuia kushika, asiyejua anaiyeyusha yote. Kwa gari ndogo ambayo rejeta yake inapatikana, bei yake inakaribiana na ya mpya, sioni faida. Kwa lori au gari ambayo rejeta yake haipatikani mjini, fanya, na apime kwenye pipa mbele yako.

#15

Mimi #2 narudi na majibu kama nilivyowaahidi baadhi yenu inbox.

Nimelala na boksi chini ya gari siku tatu, halina tone hata moja. Jumamosi nikampata fundi mwenye kile kifaa cha kupima presha. Akapampu mpaka 1.1, mshale ukasimama, tukakaa dakika kumi na tano tunautazama, haushuki. Nikaanza kuogopa ni gasketi. Kisha akautoa mfuniko wangu akaupima peke yake, ukaachia kwenye 0.4. Mpira wake wa chini umekauka una nyufa kama kisigino. Akanieleza kwamba presha ilikuwa inatoka mapema, maji yanakimbilia kwenye kopo la akiba, yakijaa yanamwagika kwa kile kimpira cha juu nikiwa barabarani, ndio maana boksi usiku lilikuwa kavu.

Mfuniko wenye namba ile ile ya 1.1 nimenunua elfu 15. Rejeta hajaigusa, kaniambia plastiki imeanza kubadilika rangi, nitenge hela taratibu, ndani ya mwaka huu niibadilishe mimi kabla haijanibadilikia.

#16 – Mleta uzi

Nimefurahi sana mkuu. Fundi wako huyo mshike. Ila usiishie kwenye safari fupi za dukani na nyumbani, chora mstari kwenye kopo kama yule dada, piga safari ya hata Chalinze na kurudi, iache ipoe usiku kucha, alafu asubuhi angalia mstari uko wapi utuambie.

#17

Naenda Msata Jumapili kwa bibi. Nitaangalia Jumatatu asubuhi kabla sijawasha.